Bomba Halionekani

Ndugu msomaji, vijana wa mjini wakisema bomba wana maana ya kitu kizuri. Viatu bomba, muziki bomba, mambo bomba. Kwa sisi tuliozaliwa Chanika, Chanika ya Handeni na siyo ile ya Dar es Salaam, bomba ni kitu unachokitazama asubuhi kama unavyomtazama mgonjwa: leo kaamkaje? Wilaya yetu ina sifa ya kukosa maji tangu enzi za mababu. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa wa kuyavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi huku kwetu, na mpaka leo watu wanauita kwa herufi zake tatu tu, HTM. Mtoto wa Handeni anajua kabla hajajua kusoma kwamba maji ya kwenye ndoo yake yameanzia kwa watu wengine, mbali, na kwamba kati yake na wao kuna bomba.

Nimeanza na maji makusudi. Kisa changu ni cha kompyuta, lakini nisipoanza na maji sitaeleweka.

Mwezi wa Mei 2023 nilikuwa nimerudi nyumbani. Chuo nimemaliza, kazi sina, na mfukoni nimechacha kabisa. Naishi kwa mjomba wangu, fundi bomba, ambaye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba, na naomba niseme wazi ilivyopatikana: Mjomba aliuza mashine yake ya kukatia uzi wa mabomba. Kwa fundi bomba, kuuza mashine ya uzi ni sawa na mshonaji kuuza cherehani. Tangu siku hiyo akipata kazi anakwenda kuazima kwa mwenzake, na ya kuazima hailali bure, lazima umkatie mwenyewe kidogo.

Basi, washikaji wawili niliosoma nao wakapata kazi Dar, kumtengenezea mfanyabiashara mmoja programu ya kutunza hesabu za stoo. Wakanimegea kipande. Programu yenyewe ilikuwepo, wameirithi kwa mafundi waliotangulia. Mimi nilitakiwa kurekebisha sehemu mbili tatu, niifungashe kwenye kontena, niwapelekee Jumatatu saa nne asubuhi. Mmoja akaniambia kwenye simu, "Ukiona huwezi sema mapema, maana kuna jamaa mwingine anaisubiri." Hayo yangekuwa malipo ya kwanza ya maisha yangu. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba hiyo ni kazi ndogo.

Kontena ninalolisema si lile la chuma, ingawa wazo limetoka huko huko. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia masanduku makubwa 58 kwenye meli ya Ideal X, kutoka Newark hadi bandari ya Houston, na biashara ya bandari haikurudi tena kama zamani. Faida yake ni kwamba kuli hahitaji kujua ndani mna nini. Sahani, kahawa au matairi, sanduku ni lile lile na winchi ni ile ile. Mwaka 2013 Solomon Hykes aliwaonyesha watu Docker, programu yenye jina la kuli wa bandarini, inayofanya jambo hilo hilo kwa programu za kompyuta. Unafungasha programu yako pamoja na kila inachokihitaji, na ikifika kwa mwenzako inafanya kazi kama kwako. Ule ugomvi wa mafundi, "kwangu inafanya kazi, kwako sijui", unapungua sana.

Alhamisi usiku nikaamuru kompyuta ijenge kontena. Ikaniletea maandishi mekundu. Sitayanakili yote. Kwa Kiswahili yalikuwa yanasema: nimejaribu kufungua //./pipe/docker_engine, mfumo hauoni faili uliyoitaja.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipochemsha. Nilianza kupigana na yale maandishi. Nikaiondoa Docker nzima na kuipakua upya, bando la wiki likaisha kwa saa moja. Nikazima ukuta wa ulinzi wa Windows. Nikazima programu ya kuzuia virusi. Nikajaribu kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Nikabadilisha mipangilio ya mtandao ambayo hata siijui kazi yake, kwa sababu mtu mmoja mahali fulani duniani aliwahi kusema kwake ilisaidia. Ijumaa ikapita hivyo. Kila nikijaribu, maandishi ni yale yale, herufi kwa herufi. Jumamosi mchana nilikuwa nimelala kitandani natazama mabati, natunga maneno ya kumwambia yule mwenzangu wa Dar, na mengine magumu zaidi ya kumwambia Mjomba.

Mjomba alirudi jioni na matope mpaka magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Vipi, mbona uso hivyo?"

Huku kwetu mjomba na mpwa wake wanaitana mjomba wote wawili. Nikamwambia kompyuta imekataa. Nilisema kwa kifupi, kwa ule ukifupi wa msomi anayezungumza na mtu aliyeishia la saba. Akanawa miguu taratibu, akavuta kigoda.

"Inasemaje yenyewe?"

"Aah, ni Kiingereza tu cha kompyuta."

"Si ndiyo nakuuliza, inasemaje?"

Nikamtafsiria ili yaishe. Nikasema, "Inasema bomba halionekani." Maana kweli, lile neno pipe ni bomba, na walioitengeneza Windows ndivyo walivyoiita ile njia ambayo programu mbili zinazungumza ndani ya kompyuta moja.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Bomba? Sasa siku tatu unahangaika na bomba, na fundi bomba analala chumba cha pili?"

Nikacheka na mimi, kwa heshima. Yeye akaacha kucheka. "Pampu umeiangalia?"

Akanisimulia kisa. Kijiji kimoja huku kwetu, hakukitaja, maji yalikata. Watu wakakusanyika kwenye koki, wakaigonga, wakaifungua, wakabadilisha mpira wa ndani. Hakuna kitu. Wakaanza kufukua bomba. Walifukua hatua mia mbili, juani, wanaume kumi na wawili, wanatafuta mahali palipopasuka. Siku ya pili ndiyo Mjomba akaitwa. Hakushika hata jembe. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha pampu, akakuta kimefungwa kwa kufuli. Mlinzi alikuwa amekwenda msibani kwao na alikuwa ameacha karatasi mlangoni: nimezima, narudi Alhamisi.

"Koki haijui habari za pampu," akasema. "Koki inajua kitu kimoja tu, maji hayaji. Sasa wewe ukikaa kuihoji koki, itakujibu hilo hilo mpaka kesho. Anza kwenye koki, sawa, uone kama inafunguka. Halafu acha bomba, nenda kwenye pampu. Kama pampu inazunguka, ndiyo urudi uangalie bomba. Kufukua ni mwisho."

Nikaingia ndani nikiwa nimekasirika kidogo, maana hakuna kinachouma kama kusaidiwa na mtu uliyekuwa unamficha mambo. Lakini nikawasha kompyuta, nikaandika docker version. Amri hiyo ni fupi na haina madhara yoyote. Inaleta majibu ya watu wawili: kwanza mteja, yaani sehemu inayopokea amri zako, halafu seva, yaani injini inayofanya kazi yenyewe. Mteja akajibu vizuri, na namba yake ya toleo. Chini yake, mahali pa injini, pakaja yale maandishi mekundu.

Koki nzima. Pampu haizunguki. Bomba lenyewe halikuwa na ubaya wowote, kwa sababu injini ndiyo inayolifungua inapowaka. Injini isipowaka, bomba halipo kabisa. Mashine ilikuwa imeniambia kweli tangu Alhamisi, mimi ndiye niliyetafuta bomba lililopasuka.

Nikaifungua ile programu kubwa ya Docker yenyewe, siyo lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Hapo, mbele yangu, pakatokea kisanduku kikisema kwamba kompyuta hii haijaruhusiwa kuendesha mashine ndani ya mashine. Nikakitambua. Kisanduku hicho hicho kilikuwa kinatokea kila asubuhi nikiwasha kompyuta, na kila asubuhi nilikuwa nakifunga haraka haraka bila kukisoma ili niende kwenye kazi. Ilikuwa ile karatasi ya mlinzi, na mimi nilikuwa naichana siku tatu mfululizo.

Maelezo yake ni haya, kwa wenzangu mtakaokutana nayo. Makontena mengi yamejengwa juu ya Linux, na Windows siyo Linux. Kwa hiyo Docker kwenye Windows inaendesha Linux ndogo ndani kwa ndani, na tangu mwaka 2020 kazi hiyo inafanywa zaidi kwa kitu kinachoitwa WSL 2. Ili Linux hiyo iwake, prosesa lazima iruhusiwe kubeba mashine ndani ya mashine, na ruhusa hiyo haitolewi ndani ya Windows. Inatolewa kwenye baiosi, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijaamka. Ukitaka kujua hali yako bila kuzima kompyuta, fungua Task Manager, nenda sehemu ya prosesa, utaona pameandikwa kama uwezo huo umewashwa au umezimwa. Wangu ulikuwa umezimwa, pengine tangu kwa mwenye kompyuta wa kwanza. Nikazima, nikawasha huku nabonyeza F10, maana kwa kompyuta yangu ndicho kitufe cha kuingilia humo, nikatafuta ule mstari, nikauwasha, nikahifadhi. Kazi ya dakika nne.

Injini ikajaribu kuwaka, ikaomba kitu kingine: WSL iliyokuwemo ni ya zamani, isasishwe kwa amri ya wsl --update. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu bando lilikuwa limekwisha kwenye yale mafukuzi yangu, na baada ya WSL nilihitaji bado kupakua Linux na Java za kujengea kontena, mamia ya megabaiti. Ningeanza kwenye pampu siku ya Alhamisi, lingetosha.

Mjomba alitoa nauli asubuhi ya Jumapili. Hakusema kitu, aliiweka tu juu ya kompyuta.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, lami tupu siku hizi. Nilipanda Kosta, kompyuta nimeipakata kama mtoto mchanga. Masika yalikuwa hayajaisha, na mto tulipouvuka ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Nikatoa kichwa dirishani kuutazama. Mto huu unaozungusha mitambo ya umeme pale Hale tangu mwaka 1964 ndio huo huo unaonyweshwa Handeni. Mbele yake milima ya Usambara ilikuwa imejifunika mawingu. Nikawaza kwamba nafanya safari ambayo maji yetu yanaifanya, ila mimi naifanya kinyume, kwenda kwenye pampu.

Manundu nina jamaa yangu mwenye duka la steshenari na intaneti ya uhakika. Akanipa kona nyuma ya mashine ya fotokopi. Kufika saa tisa alasiri WSL imesasishwa, injini inazunguka, nikiandika docker version wanajibu wote wawili. Jamaa yangu akaagiza soda. Nikaandika amri ya kujenga mradi mzima.

Maandishi mekundu.

Nilitaka kulia, sisemi uongo. Lakini safari hii nilisoma neno kwa neno kabla ya kugusa chochote, na yalikuwa maandishi mengine. Bomba halikutajwa kabisa. Yalisema: nimejaribu kuunganishwa na localhost, porti 2375, nimekataliwa. Nikajiuliza, nani huyo anayekwenda porti 2375? Mimi sikumtuma huko. Koki inafunguka, pampu inazunguka, basi sasa ndiyo zamu ya bomba. Nikafungua faili la mradi nikasoma. Wale mafundi waliotangulia walikuwa wameweka kifaa cha kujengea cha miaka ya nyuma, kinachojenga kontena chenyewe unapojenga programu. Kifaa hicho, kikijikuta kwenye Windows na hakijaelekezwa kwingine, kinakwenda kubisha porti 2375. Injini yangu haikuwa ikisikiliza huko, ilikuwa ikisikiliza kwenye bomba lake. Ilikuwa koki nzima iliyofungwa kwenye bomba la zamani lisilo na maji.

Kuna dawa ya haraka. Ndani ya mipangilio ya Docker kuna kisanduku cha kuweka tiki, injini ifunguliwe kwenye porti 2375 bila ulinzi. Nikaweka tiki. Mradi ukajengeka mwanzo mpaka mwisho. Saa ilikuwa tatu usiku, na ningeweza kuwatumia wenzangu pale pale, na maelezo mafupi: wekeni tiki hapa.

Lakini pembeni ya kisanduku hicho pana onyo, na safari hii nililisoma. Mlango ule hauna ufunguo. Programu yoyote itakayoingia kwenye kompyuta ile inaweza kuiamrisha injini bila kuulizwa nenosiri, na anayeiamrisha injini anaweza kuifanyia kompyuta karibu chochote. Ningewapa wenzangu, na yule mfanyabiashara, na kijana mwingine atakayerithi baada yangu, koki iliyoachwa wazi barabarani. Yule wa kwanza aliniachia bomba bovu bila kujua. Mimi nilikuwa najua.

Nikaondoa tiki. Nikakitoa kile kifaa, nikaandika hatua ya kujenga upya kwa amri ya Docker yenyewe, inayopita kwenye bomba lake bila kumfungulia mtu mlango. Kusema ni rahisi, kutenda kulinikesha. Jamaa yangu alinifungia dukani, nikalala saa mbili juu ya maboksi ya karatasi. Jumatatu niliwatumia kazi saa tano kasorobo asubuhi, na maelezo ya kurasa mbili ya nini nimebadilisha na kwa nini.

Walikuwa wametaka saa nne. Saa nne na nusu walikuwa wamempigia yule jamaa mwingine.

Hawakunifukuza. Waliichukua kazi yangu, wakanilipa nusu, kilichobaki wakampa yeye. Baadaye yule jamaa alinipigia mwenyewe, akaniambia alijenga mara ya kwanza tu ikakubali, na akauliza nani aliyeandika yale maelezo. Sijui kama nilifurahi au niliumia. Nadhani yote mawili.

Wenzangu mnaoandika hadithi, msidhani nimepotea njia kuwaletea habari za mitambo kwenye kurasa hizi. Mimi pia naandika, na tangu siku ile nikiona hadithi imekwama kwenye ukurasa wa kumi, siugongi tena ukurasa wa kumi. Narudi mwanzo, naangalia kama kuna mtu aliyekuwa anataka kitu. Mara nyingi nakuta hakuna, nilizima mwenyewe nikasahau.

Nilirudi Handeni jioni ile ile. Mjomba alikuwa nje anasugua spana kwa mafuta ya taa.

"Bomba limeonekana?"

"Limeonekana mjomba. Ilikuwa pampu. Halafu kukawa na bomba la zamani."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani. "Huwa hivyo," akasema. "Yanakuja mawili mawili." Akaniuliza kama nimekula.

Ile nusu ya malipo nimempa mtu anitunzie. Mashine ya uzi inauzwa mara mbili ya hapo, kwa hiyo Mjomba bado anaazima.